Mataulo Yaliyotundikwa

Hoteli ninayofanyia kazi ni kongwe kuliko mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa humo. Iko upande wa Kinondoni, mahali ambapo upepo wa bahari unafika lakini bahari yenyewe huioni mpaka upande ghorofani. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba mtu anaweza kukaa dirishani akanyoosha miguu. Katikati ya jengo kuna ua wa wazi, na sakafu ya ua huo ni vigae vya saruji vyenye maua mekundu na ya manjano. Fundi yeyote wa leo ukimwomba vigae vya namna ile atakwambia, mama, hivyo havipo tena, chukua marumaru.

Mimi ni mtu wa Temeke. Nimezaliwa huko, nimeolewa huko, na wazee wangu wamelala huko. Kila asubuhi nilivuka jiji zima kwenda kufua shuka za watu nisiowajua, na sikuwahi kuona haya kwa hilo. Nilikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia, na chini yangu walikuwapo wanawake wanne. Mdogo wao alitoka Singida, mtulivu, mwenye mkono mwepesi wa pasi, na mshahara wake ulikuwa unamlisha mama yake kule nyumbani. Nayataja haya mapema ili ijulikane nilikuwa na nini cha kulinda.

Siku hizi watu wakizungumzia kutunza mazingira utadhani jambo hilo limeshuka jana. Hoteli yetu ilikuwa ikitunza mazingira miaka na miaka kwa sababu ya uzee na ubahili. Maji ya mvua yalishuka kutoka paani hadi kwenye tangi la chini ya ardhi lililojengwa pamoja na jumba. Nguo tulianika juani, nyuma, kwenye kamba. Maganda ya jikoni yalichukuliwa na bwana mmoja wa Chamazi aliyefuga mbuzi. Vipande vya sabuni walivyoacha wageni tuliviyeyusha tukapigia deki. Shuka ikichakaa ilikatwa vitambaa vya mezani, vitambaa vikichakaa vikawa matambara ya vumbi, na matambara yakichakaa fundi bomba aliyachukua akafungia viungo vya mabomba. Hakuna aliyeyapa mambo hayo jina. Kutupa kitu kizima kulikuwa ni ushenzi tu, basi.

Kisha akaja meneja mpya. Alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, wa familia ya bara, amesomea kazi za hoteli mpaka basi. Alikuwa mtu mwema, na hili nalisema kabla kwa sababu huko mbele nitamsema. Alilipenda jumba lile kweli. Akaona tulivyokuwa tukifanya, akafurahi, akasema kumbe nusu ya safari tumeshakwenda. Chupa ndogo za maji akaziondoa vyumbani, yakaja majagi ya kioo. Alitaka tupate cheti cha hoteli inayotunza mazingira, kwa kuwa kuna wageni siku hizi wanachagua pa kulala kwa kutazama cheti hicho. Wakaguzi, akasema, wangekuja baada ya miezi mitatu.

Ndipo zilipoletwa kadi. Ziliwekwa juu ya kila mto, zimechapwa vizuri kwenye karatasi ngumu, na ziliandikwa hivi: mpendwa mgeni, ukitundika taulo lako tutaelewa kwamba utalitumia tena, na ukiliacha sakafuni tutalifua. Siku ya kuzigawa meneja alikuja mwenyewe chumba cha kufulia, akasimama mlangoni, akasema kwa upole kwamba sisi ndio tunaokunywa maji mengi kuliko hoteli nzima. Kama baada ya miezi mitatu hayakupungua, chumba kingefungwa, na nguo zingepelekwa kwa kampuni moja mjini yenye mashine za kisasa. Alipokwishatoka, yule binti wa Singida alinitazama tu.

Sasa nikuulize wewe unayesoma: umelelewa na nani wewe, hata uache taulo la watu sakafuni? Mimi mama yangu angenifuata hotelini na fimbo. Wageni wetu wengi hawakuwa watalii. Walikuwa watu wa Mbeya na Tanga na Mwanza waliokuja harusi, waliokuja kuonana na madaktari, waliokuja semina. Watu wa namna hiyo wakimaliza kuoga wanalikamua taulo, wanalinyoosha, wanalitundika kwenye kamba, pembe kwa pembe. Wanatundika wakitaka libadilishwe, na wanatundika wasipotaka. Kutundika kwao hakukuwa na habari yoyote ndani yake zaidi ya malezi.

Wiki ya pili akashuka mapokezi mama mmoja mtu mzima kutoka Mbeya, amekuja kumwoza mwanawe. Alisema kwa kunong'ona, asimwaibishe mtu. "Wanangu," akasema, "kama nimewakosea mniambie. Leo siku ya tatu najifuta na taulo lile lile. Nalitundika vizuri kila asubuhi, lakini wasichana wanalipita tu." Wakamuuliza kama aliisoma kadi. Alisema kadi ameiona, nzuri sana, ameiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo kuwa alama.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hawakusema ya tatu mpe taulo chafu. Nilipanda ghorofani mwenyewe na mataulo matatu mikononi. Nilimwamkia, nikamwomba radhi, na nilishuka ngazi uso umeniiva kwa aibu. Nikaenda moja kwa moja kwa meneja, nikamweleza: watu wetu hawawezi kutupa taulo chini, hiyo kadi haisemi nao. Alikuwa na simu mbili mkononi na mgeni mlangoni. "Waelimisheni wageni," akaniambia.

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nimwelimishe mama mwenye umri wa mama yangu namna ya kutupa taulo sakafuni? Nilirudi chumba cha kufulia nikawaita wanawake wangu pamoja na wahudumu wa vyumba, nikatoa amri. Mataulo yote yateremke, yaliyotundikwa na yasiyotundikwa, na kila mgeni apate jipya kila siku. Wakaniuliza, na karatasi je? Kulikuwa na karatasi ya kuandika kila jioni tumefua mangapi. Nikawaambia karatasi niachieni mimi. Jioni ile niliandika nusu.

Niliandika nusu siku ile, na kesho yake, na wiki zote zilizofuata. Sikuona kwamba nimesema uongo. Niliona nimelinda heshima ya wageni kwa mkono mmoja na kazi ya wanawake wanne kwa mkono mwingine, na kama nilijisifu moyoni, nilijisifu.

Maji, lakini, hayadanganyiki. Ilikuwa kiangazi, tangi la mvua limekauka, na kila tone tulilotumia lilipita kwenye mita moja tu, pale getini. Meneja alikuwa akienda kuisoma kila Jumatatu, na kila Jumatatu alirudi ameshika kiuno. Mita haishuki. Akitazama karatasi yangu, mataulo yamepungua nusu. Akitazama mita, maji ni yale yale. Mtu yeyote mwenye akili angefikia alipofikia yeye, kwamba jumba ni la zamani, mabomba yameoza, na maji yanapotelea chini ya ardhi.

Akaitwa fundi bomba. Naye alikuwa mtu wa Temeke, mtaa wa pili kutoka kwetu, amenizidi miaka kumi na ushee. Aliingia hoteli ile kijana, na mabomba yake yote alikuwa akiyajua yalikopita kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yake. Alikuwa na kipande cha nondo chenye urefu wa mkono. Kila alfajiri, akishaswali na kabla wageni hawajafungua mabomba, alilala kifudifudi uani, akaiweka ncha yake moja sakafuni na ncha ya pili akaiegemeza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, asikilize maji yanavyopita chini. Mimi nikifika nilikuwa namkuta hivyo hivyo. Nilimpa shikamoo palepale sakafuni, naye aliitika marahaba bila kuinua kichwa. Tulikuwa tumefanya hivyo miaka mingi sana.

Alisikiliza wiki nzima. Kwenye kikao cha asubuhi, ambacho hufanyika uani wafanyakazi wote tukiwa tumesimama, meneja akamuuliza ameona nini. "Hakuna bomba linalovuja," akasema. "Maji yanayovuja hayapumziki. Haya yanapumzika. Yanatumika haya." Akaomba wafunge maji nusu siku waiangalie mita. Meneja akasema hoteli imejaa, hawezi kuwaambia wageni wasioge. Kisha akainua karatasi yangu juu, watu wote waione, akauliza, yanatumika wapi, wakati kufua kumepungua nusu?

Karatasi yangu ikashinda masikio yake. Meneja akatabasamu, na naapa hakuwa na ubaya moyoni, alitaka tu kulainisha. "Mzee wetu," akasema, "hata masikio huzeeka."

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Niliziba mdomo kwa kiganja, lakini nilicheka, na yeye alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu.

Ikaamuliwa uchimbwe ua. Fundi hakukubali vibarua waguse vigae, akasema ataving'oa mwenyewe. Alikaa chini na patasi na nyundo ndogo, akikiinua kimoja kimoja, na nyuma ya kila kigae aliandika namba kwa chaki ili kila kimoja kirudi mahali pake. Siku nne alikaa pale juani. Vigae kumi na kimoja vilimvunjikia mikononi. Vipande vyake alivikusanya kwenye beseni, akaliweka beseni kivulini, kana kwamba vitahitajika.

Vibarua wakachimba mpaka kwenye bomba. Mchanga ulikuwa mkavu. Nilipita na kapu langu la nguo nikautazama, unamwagika wenyewe kutoka kwenye koleo. Wakachimba mtaro wa pili kuelekea jikoni, nao mkavu. Fundi alishuka ndani ya mtaro, akalipapasa bomba lote kwa mikono, akapanda, akasema ni kavu. Hakusema kwa majivuno. Alisema kama mtu aliyetarajia kukuta maji na sasa haelewi.

Meneja akatangaza kwamba mwisho wa mwezi itakuja kampuni yenye mashine ya kutafuta maji chini ya ardhi, na mzee wetu atapumzika. Neno kupumzika kila mfanyakazi analijua maana yake. Mimi nikajiambia, fundi ni mtu mzima, ana watoto wakubwa, atapumzika salama. Wanawake wangu wanne watapumzikia wapi? Ndivyo nilivyojitetea, na kila jioni niliendelea kuandika nusu.

Mchana mmoja wa wiki ile nilimkuta getini anaingia kazini, kachelewa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Masikioni alikuwa na pamba.

"Shikamoo. Unaumwa?" nikamuuliza.

"Marahaba. Nimetoka hospitali," akasema. "Nimekwenda wanisafishe masikio. Mara ya pili hii. Daktari anasema ni mazima, nisikilize tu redio kwa sauti ya chini. Lakini daktari hajui mabomba." Akatazama chini. "Labda kweli yamezeeka. Nasikia yanapumzika, na kumbe yanavuja. Sasa najiuliza miaka yote hii nilikuwa nasikia nini."

Niliingia chumba cha kufulia nikakaa juu ya rundo la shuka. Kumdanganya meneja lilikuwa jambo moja. Hili la kumfanya mtu asiyaamini masikio yake mwenyewe, tena mtu ambaye hana ufundi mwingine ila hayo masikio, lilinitoa machozi pale pale mbele ya wanawake wangu. Binti wa Singida akaja akakaa kando yangu. "Mama," akaniambia, "kamwambie meneja tu. Sie tutaona mbele ya safari."

Nilikwenda ofisini kwa meneja nikafunga mlango, nikamweleza yote, kuanzia mama wa Mbeya hadi karatasi. Nilidhani atanifukuza. Badala yake alishika kichwa kwa mikono miwili. Ameng'oa ua wa jengo la kihistoria, vigae kumi na kimoja vimevunjika, na wakaguzi wanakuja baada ya wiki chache. "Hili tulimalize humu humu ndani," akasema mwishowe. "Usimwambie mtu. Mzee atabaki na kazi yake, mitaro itafukiwa. Yaishe."

Kesho yake kwenye kikao alitangaza kwamba tatizo la maji limerekebishwa, na kwamba hoteli imeamua kumwacha mzee wetu aendelee kwa kuzingatia utumishi wake wa siku nyingi. Watu wakapiga makofi. Yalikuwa makofi ya huruma. Mpishi mmoja akamgusa bega fundi kama unavyomgusa mgonjwa.

Mchana nikamfuata uani. Alikuwa amepiga magoti anarudisha vigae mahali pake kwa zile namba za chaki. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia ukweli wote, kwa sauti ya chini, maana wageni walikuwa wakipita. Alipanga vigae vitatu nikiwa naongea. Nilipomaliza, akaifuta mikono yake kwa tambara.

"Mashine zako nilikuwa nazisikia," akasema. "Asubuhi, mchana, na jioni. Nikajua yanakwenda kwako. Lakini wewe uliandika nusu. Nikaona afadhali masikio yangu yawe mabovu kuliko wewe uwe mwongo."

Nikamwomba msamaha. Akachukua kigae kingine, akakipuliza vumbi.

"Nilichafuliwa uani, mbele ya watu," akasema. "Wewe umekwenda kunifulia chumbani, mlango umefungwa. Nguo hiyo ataiona nani kwamba imetakata?"

Asubuhi iliyofuata nilimkuta amelala kifudifudi na nondo yake. Nikampa shikamoo. Hakuitika. Nikarudia kwa sauti zaidi. Akainua kichwa, akanitazama vizuri, akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Eti nini, mama? Sisikii vizuri siku hizi," akasema, akalala tena.

Mtu wa kwetu akiinyima shikamoo yako jibu, hana zaidi cha kukufanyia. Matusi yana majibu. Shikamoo isiyoitikiwa unabaki nayo mdomoni, unazunguka nayo kutwa. Siku sita nilimwamkia, na siku sita aliweka kiganja nyuma ya sikio. Siku ya tatu nilikasirika, nikasema moyoni basi, abaki na wazimu wake, nimeshaungama kwa mwajiri na kwake mwenyewe, anataka nini tena? Usiku sikulala vizuri, maana nilijua anataka nini.

Jumatatu, kwenye kikao, meneja alipomaliza matangazo yake akauliza kama kuna mwenye neno. Nikanyoosha mkono. Alinikazia macho, akatikisa kichwa kidogo, nami nikajifanya sioni.

"Jamani," nikasema, "hakukuwa na bomba lililovuja. Maji yalikuwa yanapita kwangu. Nilikuwa nafua mataulo yote, naandika nusu. Mzee wetu alisikia sawasawa toka siku ya kwanza. Siku ile nyie mlipocheka, mlikuwa hamjui. Mie nilicheka, na nilikuwa najua."

Nilikuwa nimesimama juu ya sehemu moja ya zile kumi na moja, ambazo fundi alikuwa amezijaza saruji tupu ya kijivu. Nilimtafuta kwa macho nikamwona nyuma, karibu na mlango wa jikoni, anafunga mkoba wake wa zana. Hakunitazama. Siku ile ile alichukua likizo yake akaenda kwa ndugu zake Rufiji, na watu wakasema hatarudi.

Ofisini meneja alikuwa mwekundu wa macho. Aliniambia nimemvua nguo mbele ya wafanyakazi wote. Nikamwambia na mimi nimevua zangu, tuko sawa. Kisha, kwa kuwa sikuwa tena na cha kupoteza, nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza mwanzoni. "Mwanangu, wewe nyumbani kwenu ukitoka kuoga taulo unaliweka wapi?"

"Nalitundika," akasema. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha uchovu, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mama yangu angeniua."

Nikamwambia basi tusiwaombe watu watupe kitu chini. Kila chumba kiwe na kikapu. Taulo la kufuliwa mgeni aliweke kikapuni, la kutumia tena abaki nalo kwenye kamba. Hakuna mtu aliyelelewa vizuri anayeona haya kuweka nguo chafu kwenye kikapu. Vikapu vya ukindu nilikuwa namjua mama mmoja Temeke anayevisuka vizuri, na vingeletwa kabla ya wakaguzi. Akaandika kila neno. Akaniambia pia kwamba siwezi kuendelea kuwa msimamizi, maana karatasi ni amana. Nilikubali bila kubishana, jambo lililomshtua kuliko yote. Nafasi yangu ikaenda kwa binti wa Singida. Mpaka leo ananiita mama, na mpaka leo anazikagua shuka nilizonyoosha, na mara mbili ameshanirudishia moja.

Vikapu vikaja. Mataulo yakapungua, safari hii kweli, na Jumatatu ya pili meneja alirudi kutoka getini anatembea haraka. Chumba cha kufulia hakikufungwa. Kazi ilipokuwa ndogo tukaanza kufua wenyewe mapazia yaliyokuwa yakipelekwa mjini, na wanawake wote wanne wakabaki. Wakaguzi wakaja, wakaonja maji ya jagi, wakalipiga picha tangi la mvua, wakavishika vile vikapu wakavigeuza huku na huku. Mmoja wao aliinama uani akauliza yale mabaka ya kijivu kati ya maua ni ya nini. Nilikuwa napita na nguo. Nilimsikia meneja anamjibu, "Hapo tulikosea. Kuna fundi wetu alituambia ukweli na hatukumsikiliza." Siku hiyo nilimsamehe mambo mengi. Cheti kikaletwa, kikatundikwa mapokezi.

Fundi alirudi baada ya cheti. Hakuna aliyeniambia. Nilifika asubuhi kama kawaida, geti limefunguliwa, ua umefagiwa, na yeye amelala kifudifudi juu ya vigae, nondo sikioni, viatu amevipanga pembeni. Nilisimama mbali, kwenye nguzo. Nilitaka kumpita kimya. Sikuwa na nguvu ya kuona kile kiganja tena.

Lakini kumpita mkubwa wako bila kumwamkia nako siwezi. Nikasema shikamoo kwa sauti ndogo kabisa, karibu ndani ya kinywa, na nikaanza kuondoka nisisubiri.

"Marahaba," akaitika, bila kuinua kichwa.